Kujiunga na jumuiya hakufuti ushuru wote

Makundi ya WhatsApp hapa Kisumu yana ujumbe usiozeeka: nchi maskini ikijiunga na jumuiya ya kanda, ushuru wote mpakani unafutwa na umaskini unaisha. Sivyo. Kinachosamehewa ni ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, tena zenye cheti cha asili, yaani hati inayoonyesha zilikozalishwa. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mchuuzi mdogo hupata cheti chepesi kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Maharagwe ya Uganda yanapita. Mitumba ya ng'ambo iliyopitia Uganda haisamehewi. Wengi humwona mama mboga akivuka bila kulipa (hata mimi nilidanganyika), wakadhani bidhaa zote husamehewa. Umaskini nao? Soko pana humfaa mwenye cha kuuza na barabara ya kukifikisha. Uliza dawati la forodha orodha ya bidhaa zinazosamehewa. Ujumbe ule, tafadhali, usiusambaze tena.