Si mwandishi wa Boston aliyemkosesha Ted Williams tuzo

Wapenzi wengi wa besiboli husimulia kwamba mwaka 1947 Ted Williams wa Boston Red Sox alikosa tuzo ya mchezaji bora wa American League (moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani), ambayo waandishi wa michezo huipigia kura kwa kuorodhesha wachezaji kumi, kwa sababu mwandishi mmoja wa Boston, kwa chuki, hakumpa hata nafasi ya kumi. Williams mwenyewe aliamini hivyo. Si kweli, na ni kuwaonea watu bure: waandishi watatu wa Boston waliopiga kura wote walimweka wa kwanza. Aliyemwacha nje alitoka kwingine. Kinachouma hasa ni hesabu. Joe DiMaggio wa timu ya New York Yankees alipata pointi 202, Williams 201, ilhali Williams ndiye aliyeongoza ligi kwa wastani wa kupiga (.343, yaani alifanikiwa takriban mara 34 katika kila majaribio 100) na kwa homurani (mipigo inayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote na kufunga), 32!