Kwa Nini Madirisha Hukwamakwama Wakati GPU Ina Nafasi Tele

Skrini ya hezi 60 huonyesha picha upya kila milisekunde 16.7, wala haimsubiri mtu. Kompozita, ile programu inayokusanya madirisha yote kuwa picha moja, ikitumia milisekunde 17 kuchora fremu, yaani picha moja nzima ya skrini, imeshakosa zamu na itangoja ijayo. Kila fremu ikichelewa hivyo, picha 60 kwa sekunde zinakuwa 30. Sehemu ndogo tu ya milisekunde imekula nusu ya kasi!

Hali hii huikumba kompozita yenye bafa mbili, yaani sehemu mbili za kumbukumbu za kuwekea picha, moja ikionyeshwa na nyingine ikichorwa. Bafa ya pili ikishajaa lakini zamu haijafika, hakuna pa kuanzia fremu inayofuata, na GPU, ile chipu inayochora picha, inakaa bure.

Huko kukaa bure ndiko kunakowapoteza hata mafundi wazoefu. GPU zilizomo ndani ya prosesa, kama za Intel kwenye laptopu nyingi, hushusha kasi zikiona kazi ni chache ili kutunza betri. Ukitazama vipimo unakuta nafasi tele, ukaanza kumtafuta mchawi kwenye programu nyingine. Kumbe GPU inaonekana haina kazi kwa sababu inasubiri. Kwa kuonekana haina kazi inashushiwa kasi. Ikishushiwa kasi inachelewa tena, na mzunguko unaendelea.

Kwenye Mutter, kompozita ya GNOME (mazingira ya madirisha yanayotumiwa kwenye Linux), Daniel van Vugt wa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, aliliandikia tatizo hili tiba ya bafa tatu. Ubuntu iliibeba tangu toleo la 22.04, lakini GNOME yenyewe iliipokea rasmi katika toleo la 48, Machi 2025. Ninachokipenda zaidi ni kwamba bafa ya tatu huitwa pale tu fremu zinapochelewa. Mambo yakitulia, Mutter inarudi kwenye mbili. Bafa ya tatu ikiachwa hapo muda wote, kila herufi unayoandika na kila msogeo wa kipanya ungechelewa fremu moja zaidi kufika kwenye skrini, na mkono huuhisi uzito huo.

Ukichunguza ukwamaji wa namna hii, usitegemee wastani wa fremu kwa sekunde, maana wastani huficha zile chache zilizokosa zamu. Andika muda wa kila fremu peke yake. Wayland, mfumo ambao programu za Linux hutumia kuwasiliana na kompozita, ina itifaki ya presentation-time inayoiarifu programu ni lini hasa picha yake ilifika kwenye skrini. Mimi huanzia hapo kabla sijagusa mpangilio wowote.