Je, binadamu anazidi kuua au anapoa? Majibu ya mifupa, na pale inaponyamaza

Kigasha cha mkono kina mifupa miwili. Ule ulio upande wa kidole cha mwisho ndio ninaoutazama kwanza kila ninapofungua sanduku la mifupa ya kale au ninapopewa picha ya eksirei. Inua mkono wako kama mtu anayekinga kichwa na rungu: utaona mfupa huo ndio unaotangulia kulipokea pigo. Ukikuta umevunjika katikati, mkato umenyooka, na mwenzake mzima, shuku kwamba mwenye mkono hakuanguka. Alipigwa. Mvunjiko wa namna hiyo unajulikana kwenye mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita. Nimeuona pia kwa mama mmoja aliyefikishwa wadi ya mifupa hapa Kampala, akisema ameteleza akichota maji.

Katika mihadhara yetu kwa umma, swali linalorudi kila mara ni kama ukatili wa binadamu unapungua kadiri karne zinavyopita. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1972, chini ya utawala wa Idi Amin, au 1983, wakati wa vita vya Luwero, huliuliza kwa sauti tofauti na vijana. Wengi wao, hata Kiswahili hiki ninachoandikia kiliwafikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari mwenye bunduki. Ukiwaambia kwamba dunia inapoa, wanataka ushahidi, na wana haki.

Nianze na mababu, maana wapo wanaoamini kwamba watu wa kale, kabla ya wafalme na mabunduki, waliishi kwa amani. Pale Jebel Sahaba, kaskazini mwa Sudan, yalifukuliwa mabaki ya watu 61 katika miaka ya 1960, kabla maji ya Bwawa la Aswan hayajalifunika bonde. Wana zaidi ya miaka 13,000. Uchunguzi mpya uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba 41 kati yao walikuwa na alama ya jeraha angalau moja, wanaume kwa wanawake, na watoto wamo. Vipande vya mawe yaliyochongwa vilikutwa vimenasa ndani ya mfupa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba baadhi yao walikuwa na majeraha yaliyokwisha kupona pamoja na mapya. Watu hawa walivamiwa, wakauguzwa na ndugu zao, kisha wakavamiwa tena. Na karibu zaidi na sisi, magharibi mwa Ziwa Turkana huko Nataruk, kuna mabaki ya wawindaji wapatao 27 walioishi karibu miaka 10,000 iliyopita. Kati ya viunzi 12 vilivyokuwa na hali nzuri, watafiti walisoma dalili za kifo cha kikatili katika 10, ingawa wapo wataalamu wanaobisha baadhi ya usomaji huo.

Kwa hiyo ukatili haukuletwa na serikali wala na bunduki. Lakini maeneo mawili si sensa. Tunafukua pale tulipobahatika, na mshale uliopita kwenye utumbo hauachi alama yoyote kwenye mfupa. Anayekutajia asilimia kamili ya watu wa kale waliouawa anakupa namba ambayo udongo haujampa.

Kumbukumbu za maandishi zina nguvu zaidi. Uingereza ina hati za mahakama tangu karne ya 13, na wanahistoria waliozihesabu wanakadiria kwamba wakati huo waliuawa watu kama 20 au zaidi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Leo ni kama 1. Hata hapo nina tahadhari moja ya kitabibu. Aliyechomwa kisu cha tumbo mwaka 1300 alikufa, kwa kisu au kwa usaha uliofuata. Leo anashonwa, anaongezewa damu, anarudi nyumbani, na kesi yake haiitwi mauaji. Sehemu ya kushuka huko ni kazi ya madaktari wa upasuaji. Sehemu iliyobaki, nami naamini ndiyo kubwa, ilitokana na watu kupata mahali pa kupeleka kisasi chao, yaani mahakamani.

Jambo hilo tunalijua vizuri Uganda. Dunia nzima mwaka 2021 ilikadiriwa kuwa na mauaji yapatayo 458,000 yasiyo ya vita, karibu 6 kwa kila watu 100,000. Sisi, polisi huandikisha kesi zaidi ya 4,000 kwa mwaka katika nchi ya watu milioni 45.9, yaani kama 9 hivi. Ndani yake wamo wanaouawa na umati barabarani baada ya mtu kupaza sauti "Mwizi!" Nimewasikia watu wema kabisa wakiitetea adhabu hiyo. Hawana kiu ya damu. Hawaamini kwamba faili litatoka kituoni na kufika mahakamani.

Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda, inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Uvamizi wa mifugo ni wa zamani, na zamani ulikuwa wa mikuki, wazee wakiwa na kauli juu yake. Mwaka 1979, jeshi la Amin lilipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na katika muda mfupi kijana aliyeshika bunduki hakuhitaji tena idhini ya mzee. Serikali ilianza kukusanya silaha mwaka 2001, ikaongeza nguvu 2006, na kwa miaka kadhaa barabara zikapitika. Kisha uvamizi ukarudi, hata ikabidi jeshi lianzishe operesheni ya Usalama kwa Wote mwaka 2021. Watu walewale, ardhi ileile, ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kuhusu vita vikubwa, siwezi kuwapa faraja. Vita Kuu ya Pili iliua zaidi ya watu milioni 50 katika miaka 6, na tangu hapo mataifa makubwa hayajapigana ana kwa ana kwa kiwango kile. Ila hesabu iliyotolewa mwaka 2018 ilionyesha kwamba utulivu huu ungehitaji kuendelea miaka mingine 100 hadi 140 ndipo tuweze kusema si bahati tu. Na mwaka 1994, dunia ikiwa katika utulivu huo huo, wavuvi wa mialo ya Kasensero, Lambu na Ggolo walikuwa wakitoa katika Ziwa Victoria maiti za Wanyarwanda waliouawa katika mauaji ya kimbari, zilizoletwa na Mto Kagera. Zaidi ya 10,000 zimezikwa hapa kwetu.

Tena vita havihesabiki kwa risasi pekee. Mwaka 2005 Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani zilipima vifo katika kambi za wakimbizi wa ndani za Gulu, Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya waasi wa LRA. Zilikuta vifo vya ziada karibu 1,000 kila wiki, juu ya vile ambavyo vingetokea wakati wa kawaida. Waliouawa kwa silaha walikuwa sehemu ndogo. Malaria ilichukua wengi. Baada ya miaka 1,000, mchimbaji atakayeifukua mifupa hiyo hataona hata mkwaruzo.

Basi msimamo wangu ni kwamba mauaji ya mtu kwa mtu yamepungua sana pale palipojengwa mahakama zinazoaminika. Kwamba vita vikubwa vimekwisha, ushahidi bado hautoshi. Na ukatili wa nyumbani ndio kwanza tunaanza kuuhesabu. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ni ya mwaka 2010, na viboko shuleni vilipigwa marufuku na sheria ya 2016. Kesi zikiongezeka baada ya sheria kama hizo, usikimbilie kusema tumekuwa wabaya zaidi. Huenda mtu amethubutu kusema kwa mara ya kwanza.

Yule mama wa wadi ya mifupa hakuthubutu. Nilimwonyesha picha ya mkono wake, nikamweleza mfupa ule huvunjika vipi, akaitazama muda mrefu. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ameshika mkoba wake. Kwenye fomu, mahali pa sababu ya jeraha, pakaandikwa "ameanguka".