Kubadilisha difu hakuongezi nguvu za injini

Kwa miaka mingi madereva wamekuwa wakiaminishana kwamba gari likifungwa difu (sanduku la gia linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) yenye uwiano mkubwa zaidi wa meno ya gia zake, injini yake hupata nguvu zaidi. Sivyo. Kinachoongezeka ni msukumo unaofika kwenye magurudumu, nao hulipiwa kwa mwendo.

Tuchukue difu yenye krauni (gia kubwa ya ndani) ya meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10, yaani 4.10, ambapo propela (shafti inayoleta nguvu kwenye difu) huzunguka mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara 1. Ukifunga ya meno 39 kwa 8, yaani takribani 4.88, msukumo katika kila gia huongezeka kwa karibu asilimia 19, na ndiyo maana gari huondoka upesi na kupanda mlima na mzigo bila kusumbuka. Lakini kwa mwendo uleule, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,500 kwa dakika sasa itazunguka karibu mara 2,975, na kila gia itafika kikomo chake mapema.

Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, naomba hili lizingatiwe sana: difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja, la sivyo zitakabana na kuvunja gia.