Alama ya ≤ ikigeuka ≤

Wengi wanaonitafuta huweka maswali ya hisabati mtandaoni, na lalamiko lao ni moja: waliandika "x ≤ 5", ukurasa ukatoka na "x ≤ 5". Wengine hudhani ni virusi. Si virusi, na hizo takataka tatu zinaeleza kila kitu.

Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi maandishi kwa baiti (vipande vidogo vya data) waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, alama ya ≤ huhifadhiwa kwa baiti 3: E2, 89 na A4. Kivinjari kikiusoma ukurasa kwa jedwali la zamani la Windows-1252, kila baiti inakuwa herufi kamili: E2 ni â, 89 ni ‰, A4 ni ¤. Hakijapotea kitu, kimesomwa vibaya tu. Hifadhi faili kwa UTF-8, kisha weka <meta charset="utf-8"> mwanzoni mwa head, sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa; ni lazima iwe ndani ya baiti 1024 za kwanza. Kagua na seva pia, yaani kompyuta inayoutuma ukurasa. Ikitangaza jedwali jingine la herufi, kauli yake huishinda ya ukurasa, na utahangaika na faili isiyo na kosa.

Ukiona kisanduku kitupu mahali pa alama, hilo ni jambo jepesi: alama imefika salama, fonti ndiyo haina umbo lake. Ongeza fonti ya hisabati, kwa mfano STIX Two Math.

Ninachokiogopa ni alama kutoka kama "?". Mara nyingi hapo alama ilishapotea wakati wa kuingia kwenye hifadhidata, na dawa ni kuiandika upya. Kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, jina "utf8" limewaponza wengi, maana kwa miaka mingi limebeba baiti 3 tu kwa herufi. ≤ inapita; 𝑥 ya mlazo, yenye baiti 4, haipiti. Chagua utf8mb4, inayobeba hadi baiti 4.

Halafu kuna <, yenye vituko vyake. Andika "a<b" bila nafasi, kivinjari kitadhani umefungua tagi ya wino mzito: maneno yanamezwa hadi > inayofuata, na yaliyobaki yananenepa. Andika &lt;.

Kwa sehemu na vipeo, tafadhali acheni picha. Msomaji asiyeona hasomewi chochote humo kama hukuandika maelezo. Tangu Januari 2023, toleo la 109 la Chrome linaonyesha lenyewe MathML, lugha ya kuandika hisabati kwenye kurasa za mtandao, na Firefox na Safari zilitangulia. Kwa simu zenye vivinjari vya zamani, ongeza MathJax, msimbo unaochora hisabati kwenye ukurasa.