Pesa Uliyookoa Sokoni Imelala Wapi?

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja anahitaji angalau shilingi 49,320 kwa mwezi ili apate mahitaji yake ya msingi. Kati ya hizo, shilingi 33,748 ni za chakula peke yake. Bei zimebadilika tangu wakati huo, ila uwiano ule bado una la kutufundisha: kwa kaya ya kipato kidogo, karibu theluthi mbili ya pesa inapita jikoni. Kwa hiyo anayetafuta akiba kwa kupunguza vocha na soda atahangaika sana apate kidogo. Pesa iko kwenye unga, mchele, mafuta, maharage na mkaa.

Sisi tunaotoa elimu ya fedha kwa vikundi vya mitaani Dar es Salaam tunakutana na lalamiko moja kila tunakokwenda, kwamba watu wanabana matumizi lakini hawaoni kitu. Mara nyingi wanasema kweli. Mama amepata nyanya kwa bei nzuri Buguruni, ameacha nyama akachukua dagaa, jioni amebaki na chenchi ya elfu mbili. Kesho yake elfu mbili hiyo imeingia kwenye chapati na juisi za watoto, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua ilikopotelea. Alibana vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba alichookoa kilibaki kwenye pochi ileile ya matumizi, na pochi ya matumizi haina kazi nyingine ila kutumika. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo kubwa. Kwanza tuone pesa yenyewe inaokolewa wapi.

Hela ya siku na bei yake

Nyumba nyingi zinaendeshwa kwa hela ya matumizi ya siku. Baba anaacha elfu kumi au kumi na tano asubuhi, mama anaigawa: unga, mboga, mafuta ya kupima, sukari robo, kiberiti. Kwa dereva wa bodaboda au machinga anayepata riziki yake siku kwa siku, mpango huo unaeleweka. Lakini nikikuta mwajiriwa anayelipwa tarehe 25 naye anaacha hela kila asubuhi, huwa nauliza sababu. Jibu la kweli likitoka, huwa ni kwamba wawili hao wanaogopa: pesa ya mwezi mzima ikikaa ndani itaisha kabla ya wiki mbili. Hofu hiyo si ya bure. Ila nayo ina gharama yake, maana anayenunua kwa siku ananunua kwa vipimo vidogo, na kipimo kidogo ndicho ghali kuliko vyote dukani.

Jaribu kwa mafuta ya kula. Nunua kipimo kama kawaida yako kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ukifika nyumbani kimimine kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita, weka alama kwa kalamu pale kilipoishia, kisha pika. Chupa ikishakuwa tupu, jaza maji hadi kwenye alama ile na uyamimine kwenye chupa nyingine ya nusu lita, urudie hadi ijae, huku unahesabu. Tuseme imejaa kwa vipimo tisa na kila kimoja unakinunua shilingi 400. Nusu lita unainunua 3,600, lita nzima 7,200. Sasa uliza bei ya chupa ya lita moja katika duka hilohilo, halafu bei ya dumu la lita tano sokoni uigawe kwa tano. Majibu yatatofautiana kati ya Tandika na Tegeta, lakini bado sijakutana na mtaa ambao kipimo kilikuwa rahisi kuliko dumu.

Tusimlaumu Mangi. Yeye anafungua alfajiri, anafunga usiku, anavumilia daftari la madeni ya mtaa mzima, na kila kipimo kina tone linalobaki kwenye kikombe. Hizo ni huduma na zina bei. Unachotakiwa kujua ni kiasi unachozilipia, na kama bado unazihitaji kwa kila kitu.

Njia inayofanya kazi kwa wengi ni kuitenganisha hela mara mbili. Vitu vikavu, yaani mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai na sabuni, vinunuliwe kwa pamoja, mara moja kwa mwezi kwa mwenye mshahara, mara moja kwa wiki kwa anayepata kwa siku. Mboga, nyanya, vitunguu na samaki vibaki kwenye hela ya siku. Mwenye kipato cha siku atenge elfu mbili au tatu kila jioni, aende nazo sokoni Jumamosi. Akianza na kitu kimoja tu, mchele kwa mfano, wiki ya pili hela ya siku itakuwa imepumua kidogo, na pale atapata nafasi ya kuongeza maharage. Ukijaribu kubadilisha vitu vyote kwa wiki moja utakwama.

Na daftari? Lilipwe kwanza. Mwenye deni dukani hana uhuru wa kwenda kununua kwingine, hata akijua kwamba kwingine ni rahisi. Kibaya zaidi ni wanaokopa ili wale, hasa kwa wale wa mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa. Mkopo wa biashara unaweza kujilipa. Mkopo wa ugali unalipwa na ugali wa mwezi ujao.

Lazima niseme pia kwamba kununua kwa wingi kuna mtego wake, na wataalamu wenzangu huwa hawausemi. Dumu la lita tano likikaa jikoni, mkono wa mpishi unakuwa mzito. Sukari kilo tano haidumu mara tano ya kilo moja, waulize wenye watoto. Kwa hiyo dumu likifika nyumbani ligawe kwenye chupa, chupa moja kwa wiki, nyingine zifungiwe. Mchele upimwe kwa kikombe kilekile kila siku. Na kama nyumba yako haina pa kufungia, au wanaokula humo hubadilika kila siku, pengine kununua kwa wiki kutakufaa kuliko kununua kwa mwezi.

Fungu, sado na mizani

Sokoni vitu vingi havina kilo. Kuna fungu, kuna sado, kuna debe, kuna gunia. Fungu la nyanya la asubuhi si fungu la jioni, na muuzaji ana njia zake za kulipanga ili lionekane limejaa. Ukiwa na mzani mdogo wa jikoni, au jirani mwenye nao, pima fungu lako mara chache tu, jicho litazoea. Nyanya za mchuzi wa leo si lazima ziwe ngumu na nzuri. Nyanya masalo, yaani zilizobaki na kulainika, za jioni zinatosha, mradi uzipike usiku huohuo na kuondoa zilizooza.

Kwenye mizani ya duka au bucha, tafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, na mnunuzi ana haki ya kuiangalia na kuomba alichonunua kipimwe tena mbele yake. Kwenye gesi ndiyo wengi wanapigwa bila kujua: mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa juu yake. Omba uwekwe kwenye mizani kabla hujalipa, toa uzito ule, kinachobaki ndicho gesi. Kama ni mtungi wa kilo sita, kibaki kilo sita.

Kalenda ya mahindi

Hapa ndipo penye pesa nyingi, na ndipo watu wa mjini wanapotupa nafasi. Mahindi ya Ruvuma, Rukwa, Songwe, Mbeya na Njombe huvunwa kuanzia Mei hadi Julai hivi. Miezi hiyo na inayofuata, mzigo unapoingia kwa wingi kwenye masoko ya nafaka kama Tandale, bei hushuka. Kuanzia Desemba hadi Machi ghala za wakulima zimepungua na mvua zimeharibu njia, bei inapanda. Hazifanani kila mwaka, na mwaka wa ukame au mipaka ikifunguliwa kwa mauzo ya nje mambo hubadilika, lakini mwelekeo ni huo. Mchele nao una msimu wake unaokaribiana na huo. Miezi inayokuwa ghali ndiyo ileile ya ada, sare na kodi ya nyumba.

Chukua mfano. Tuseme Julai gunia la kilo 100 unalipata kwa 70,000 na Februari linauzwa 100,000. Familia iliyonunua magunia mawili mapema imebaki na 60,000, kabla ya kutoa nauli, kibarua na mifuko. Nani ana 140,000 ya kuweka kwenye mahindi Julai? Wachache, na nitaeleza chini namna ya kuzipata. Kwanza uhifadhi, kwa sababu gunia lililoliwa na wadudu wa dumuzi ni hasara tupu, na lililopata ukungu ni hatari. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Mahindi yawe makavu kweli. Kipimo cha nyumbani ni hiki: chukua chupa kavu ya kioo, tia kiganja cha mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, acha kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, bado yana maji. Yaanike tena juu ya turubai, si kwenye udongo. Yakishakauka, chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa yenye nailoni mbili ndani. Kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, hewa ikiwa imekamuliwa. Wadudu waliomo watakosa hewa na kufa bila dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue kila siku: fungua mmoja, uumalize, ndipo uende kwa mwingine.

Ukisaga, saga dona. Sembe inaacha mashineni pumba pamoja na kiini, yaani unalipia mahindi halafu unaacha lishe yake pale. Kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wa dona huchacha mapema, hivyo peleka mashineni kiasi cha wiki mbili. Watoto watalalamika siku za mwanzo. Changanya kidogo kidogo na sembe, watazoea.

Nishati nitaipitia haraka. Maharage yaloweke usiku na ufunike sufuria, mkaa utapungua kwa kiasi utakachokiona. Wali ukibaki, uweke mahali pa baridi mapema, upashwe vizuri asubuhi na kuliwa na chai. Kiporo ni kifungua kinywa kizuri kuliko maandazi mawili ya kununua, lakini wali uliolala mezani usiku kucha kwenye joto la Dar ni kuhara.

Ihame siku hiyohiyo

Sasa turudi kwenye ile elfu mbili. Kanuni tunayofundisha ni kwamba tofauti kati ya bei ya zamani na ya sasa ihame siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Kama mchele wa mwezi umekuokolea 8,000, hizo 8,000 ziende mahali ambapo kuzitoa kunasumbua kidogo. Kibubu kinafaa kwa sarafu na kwa watoto. Kwa mtu mzima mwenye nyundo ndani hakifai sana. Akaunti ya akiba ya simu au benki ni bora. Amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika. Pesa za kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hazina kinga hiyo. Kwa hiyo kikoba chako kiwe kimesajiliwa halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, na pesa zake zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, zisilale chini ya godoro la mweka hazina.

Wengi mnacheza upatu, basi upatu huo ndio utakaonunua mahindi. Mnapopanga zamu, mwombe kijumbe, yule anayekusanya michango, akupe ya Juni au Julai. Wengi hugombania Desemba kwa sababu ya sikukuu na Januari kwa sababu ya ada, kwa hiyo katikati ya mwaka hakuna foleni. Wenye vikoba mna nafasi kubwa zaidi. Vikundi vingi huvunja, yaani hugawana akiba, mwezi wa Desemba, pesa ya mwaka mzima inaingia mkononi wiki ambayo kila kitu ni ghali na kila mgeni yuko njiani. Kikundi kikikubaliana kuvunja Juni, watu kumi wanaweza kuchanga kutoka kwenye mgao, wakatuma wawili Tandale wenye mizani na macho, wakarudi na magunia ishirini kwa lori dogo moja. Kinachotakiwa ni kuhamisha mzunguko: kikundi kivunje Desemba hii kama kilivyozoea, Januari kianze mzunguko mfupi wa miezi sita wenye hisa ndogo, kigawane Juni, kisha Julai kianze ule wa mwaka mzima. Mabadiliko hayo yaandikwe kwenye katiba ya kikundi na kusainiwa na wanachama wote, kwa sababu Desemba ya kwanza bila mgao ndiyo itakayokuwa na kelele.