Ukisikia "bonyeza 1" saa yako ishaanza zamani

Kwenye serivisi ya wateja ya kooperative yetu ya akiba na mikopo hapa Lubumbashi kuna lawama moja inarudi kila wiki: mama anasema "nimesubiri dakika tatu nzima", sisi tukiangalia kompyuta tunakuta amesubiri sekunde 40. Na hakuna aliyedanganya. Yeye anahesabu kuanzia pale simu ilipopokelewa, kompyuta yetu inaanza kuhesabu pale anapotoka kwenye menyu na kuingia kwenye foleni ya ma-ajenti. Ile nafasi ya katikati, ya salamu na muziki na "kwa Kiswahili bonyeza 3", haiandikwi popote, haina mwenyewe. Njo ile nataka tuangalie leo, juu hata mashefu wengi wa biro wanafikiri dawa ya foleni ni kuongeza watu tu.

Chukua menyu ya kawaida tu, ile tumeizoea. Salamu sekunde 10, tangazo la promosyo 20, kisha lugha, Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba, Kikongo, kila moja sekunde 4 hivi, hiyo 20 ingine. Halafu chaguo 8 za sekunde tano tano, 40. Jumla sekunde 90, dakika moja na nusu, na mtu hajasema hata neno moja, na kama nimero si ya bure inite zake, pesa ya simu, zinaenda.

Sasa hapo kuna vya kukata mingi bila kulipa mtu mushahara. Tangazo litoke, mtu aliyepoteza pesa yake hana roho ya kusikia promosyo. Lugha, mashine inaweza kukumbuka nimero yako ilichagua nini mara ya kwanza na isikuulize tena, na kwa simu zinazotoka jimbo letu la Haut-Katanga sioni sababu ya Kiswahili kuwekwa nyuma. Chaguo zibaki nne ao tano, ile inayoombwa zaidi ikae mbele. Na kuna kosa dogo linafanyika karibu kila mahali: "bonyeza 1 kujua salio". Iwe "kujua salio, bonyeza 1". Mtu anasikiliza akitafuta shida yake, akiisikia njo anatega sikio kushika nimero, sasa ukimtajia nimero kwanza ishapita, anangoja menyu irudie toka mwanzo.

Kingine, mashine isikie tushe unayobonyeza hata kama sauti bado inasoma. Tushe ya simu inatoa milio miwili kwa mara moja, ilipangwa hivyo ili sauti ya mtu isichanganywe nayo kwa urahisi, na Wamarekani wa kampuni ya Bell walianza kuuza simu za namna hiyo mwaka 1963. Kwa hiyo si teknolojia ya jana. Kuna wenye mifumo wanafunga hiyo nafasi kusudi tangazo lisikilizwe mpaka mwisho, mimi naona ni kukosa heshima tu.

Tuje kwa foleni yenyewe. Hesabu yake tunaitoa kwa Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa andiko lake la kwanza juu ya mambo haya mwaka 1909 na zile fomula za kusubiri mwaka 1917, mpaka leo njo tunapanga nazo ma-ajenti. Tuseme simu 100 zinaingia kwa saa moja, kila moja inakula dakika 3. Ni dakika 300, yaani masaa 5 ya kazi ndani ya saa moja. Shefu atasema, basi weka ajenti 5. Hapana! Ukiweka 5 foleni haiishi, inarefuka tu, juu simu haziji kwa mustari mmoja mmoja kama watoto wa kelasi, zinaanguka kumi kwa mara moja kisha kimya, na ile dakika ya kimya iliyopotea huwezi kuirudisha. Ukiweka 6, mtu anasubiri kwa wastani kama dakika 1 na sekunde 45. Ukiweka 7 inashuka mpaka sekunde 29. Ukiweka 8, sekunde 10. Mtu mmoja tu wa kuongeza na hesabu inabadilika kabisa, lakini angalia pia, kutoka 7 kwenda 8 umepata sekunde 19 tu kwa mushahara ule ule.

Na hapa njo penye utamu. Bakiza watu wako 6, usiongeze hata mmoja, punguza tu mazungumzo kutoka dakika 3 mpaka dakika 2 na nusu. Kusubiri kunatoka dakika 1 na sekunde 45 mpaka sekunde 27 hivi. Nusu dakika kwa kila simu imefanya kazi ya ajenti mzima! Nusu dakika hiyo tunaitoa wapi? Mara nyingi iko pale mashine inapokuomba nimero ya konti, unaingiza tarakimu zote, unabonyeza dieze (#), kisha ajenti anafika anakuuliza tena "nimero ya konti yako tafadhali". Ile nimero ilitakiwa iwe ishafika kwenye skrini yake. Kama haifiki, heri mashine isiombe kabisa.

Kisha kuna simu ambazo hazikupashwa kuja. Rezo ya pesa kwa simu ikianguka mwisho wa mwezi, watu mia tano wanapiga kuuliza jambo moja. Sauti fupi mbele ya menyu, "tunajua kuna shida ya kutoa pesa toka asubuhi, mafundi wako kazini, pesa yako iko", na wengi watakata wenyewe. Ila ifutwe shida ikiisha, nimesikia tangazo la shida ya juzi likiendelea kusomwa siku tatu.

Jambo letu sisi wa mashariki na kusini: kama serivisi unayopigia iko Kinshasa, 8:00 yao ni 9:00 yetu. Mtu wa komini ya Kenya ao Katuba hapa Lubumbashi anayepiga 8:15 kabla ya kazi anaongea na mashine peke yake. Kampuni iandike masaa yake kwa saa ya Lubumbashi pia, na wewe jua kwamba wakifungua tu wanakuta waliopiga toka mapema wote wanarudi kwa mara moja, ngoja kidogo. Jumatatu asubuhi na siku za mushahara ni vile vile.

Ukipiga, shika nimero ya konti na karte ya kura mkononi kabla, usianze kutafuta kwenye sakoshi ajenti akiwa kwenye laini. Ukishajua menyu, bonyeza tu, usingoje sauti imalize. Kwenye mifumo ingine 0 inakupeleka kwa mtu, jaribu. Na kama mashine inakuambia "tukupigie sisi", kubali, nafasi yako kwenye foleni inabaki na inite zako zinapumzika.

Ila hapo kuwa macho, juu matapeli wanajua tunapigia watu. Tukikupigia tutakuuliza jina na shida yako, kode ya siri hatuiombi, hata ajenti akiwa na haraka namna gani. Anayeiomba, mukatie, kisha upige mwenyewe kwenye nimero iliyoandikwa ku kitabu chako cha akiba.